Kombe: Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo

Kila dawa ina mambo matatu ndani yake: kitu chenyewe, namna ya kukitengeneza, na njia ya kukiingiza mwilini. Mti pekee si dawa. Mwarobaini uliosimama uani haumfai mgonjwa mpaka apatikane ajuaye ni jani lipi la kuchuma, lichemshwe kwa kiasi gani, na maji yake yanywewe au yaogewe. Maarifa ya mambo hayo matatu yakikutana ndiyo yaitwayo uganga. Lakini historia ya madawa ya Afrika, kama ilivyoandikwa katika vitabu vingi, imezoea kulitaja jambo la kwanza na kuyasahau mawili yaliyobaki. Husema kuwa msafiri fulani aliuvumbua mti fulani, mti ukapelekwa Ulaya, na huko ikatolewa dawa. Nakusudia katika insha hii kueleza habari za mti mmoja wa nchi za Ziwa Nyasa, ili tuone jinsi usahaulifu huo ulivyowadhulumu wenye maarifa, na jinsi ulivyowachelewesha hata wale waliouchukua mti.

Nitaanzia Ngana. Ngana ni kata ya wilaya ya Kyela, katika uwanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, karibu na mto Songwe unaozigawa nchi za Tanzania na Malawi. Ni nchi ya mvua nyingi, ya migomba, mpunga na kakao, na wenyeji wake ni Wanyakyusa. Ng'ambo ya mto wako Wangonde, ndugu zao kwa asili na kwa lugha. Mpaka uliowatenga hawakuuweka wao. Uliwekwa na Waingereza na Wadachi kwa mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890. Lakini maji hayakuyajua mapatano hayo. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humimina maji yao ziwani; ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 580; na kule mwisho wa kusini maji hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, yakaenda kuungana na Zambezi. Mtu aliyesimama Ngana na mtu aliyesimama ukingoni mwa Shire wako mbalimbali sana, lakini wamesimama juu ya njia moja ya maji.

Habari za dawa za Unyakyusa zimepata kuandikwa. Godfrey na Monica Wilson walifanya uchunguzi wao huko kati ya mwaka 1934 na 1938, na vitabu vya Monica Wilson, kuanzia kile kiitwacho Good Company cha mwaka 1951, vina maelezo mengi juu ya dawa za watawala, dawa za matanga, dawa za uzazi, na mwavi walionyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi. Ni vitabu vya thamani kubwa. Hata hivyo mwandishi alikuwa mtaalamu wa mila na jamii. Alitaka kujua dawa hufanya kazi gani baina ya mtu na jamaa zake, wala si kazi gani ndani ya damu yake. Kwa sababu hiyo sehemu moja ya elimu ya waganga wa pande hizo ilibaki vichwani mwa watu. Ili tufahamu ni kitu gani kiwezacho kupotea kwa kubaki vichwani, na kwa kuandikwa nusu, hatuna budi kuyafuata maji mpaka Shire, kwa maana huko kuna dawa moja ambayo safari yake yajulikana tangu porini mpaka hospitalini.

Dawa hiyo ni kombe. Msomaji wa pwani asiichanganye na kombe lile la maandishi yanayooshwa kwa maji akanyweshwa mgonjwa. Majina yamefanana, vitu ni mbalimbali. Kombe ninayoisema ni mti unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, na unaota katika nchi nyingi za mashariki na kusini ya Afrika, Tanzania, Malawi na Msumbiji zikiwa miongoni mwao. Matunda yake ni maganda marefu yaliyochongoka, nayo yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nyuzi nyororo kama sufi, zikapeperushwa na upepo. Wataalamu wa mimea huuita Strophanthus kombe, na jina hilo la pili ni neno la wenyeji lenyewe. Mbegu zake zina sumu kali.

Mkuki ndio uliokuwa silaha mashuhuri ya Wanyakyusa, lakini watu wa bonde la Shire walikuwa mafundi wa upinde. Mbegu za kombe zilipondwa zikawa rojo, na rojo hiyo ikapakwa kwenye mshale. David Livingstone, aliyeishuhudia mishale hiyo, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1865 jinsi ilivyoundwa kwa vipande viwili. Chembe cha chuma kilifungwa imara katika kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa ndani ya tete bila ya kufungwa. Mnyama alipopigwa na kukimbia, tete lilianguka chini, bali chembe na kijiti chenye sumu vikabaki ndani ya mwili wake. Tena nyama ya mnyama huyo ililiwa. Wawindaji walikata na kutupa sehemu iliyolizunguka jeraha, na iliyobaki wakaipika wakaila pamoja na watoto wao, wala hapana aliyedhurika.

Namwomba msomaji asilipite jambo hili upesi. Sumu iliyomwangusha mnyama mkubwa kwa kupita katika jeraha haikumdhuru mlaji aliyeila nyama ile ile kwa kinywa. Mtu aliyelijua hilo alikuwa amejua kwamba nguvu ya kombe hutegemea mlango inaoingilia: katika damu ni kali, tumboni ni hafifu. Hakuyajua hayo kwa kubahatisha. Kosa moja lingeliua nyumba nzima, na watu hawaweki maisha ya watoto wao juu ya jambo wasilolihakiki. Muundo wa mshale nao ulishuhudia maarifa hayo hayo, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa kuishika sumu mahali penye damu kwa muda wa kutosha.

Livingstone alifika Ziwa Nyasa katika mwezi wa Septemba, 1859, wakati wa safari ya Zambezi iliyodumu toka mwaka 1858 mpaka 1864. Pamoja naye alikuwako Mskoti mwingine, John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea. Huyu ndiye Kirk ambaye baadaye alikaa Unguja miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza, na ambaye jina lake limefungamana na mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa katika nchi za Sultani Barghash. Lakini wakati huo alikuwa kijana mwenye shauku ya miti, na sumu ya mishale ilimvuta sana. Aliutafuta mti wake kwa muda mrefu. Kila alipouliza, wenyeji walimpa mti usiokuwa wenyewe.

Jinsi alivyoupata ameisimulia mwenyewe. Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kando ya mto Shire, aliona mti unaotambaa juu ya mti mrefu, nao una maganda. Akataka mtu wa kupanda kumchumia, lakini hakupata hata mmoja. Akapanda mwenyewe. Watu waliokuwa chini walipomwona anaukaribia mti ule kwa pupa, waliogopa asije akajidhuru. Wakampigia kelele ajihadhari, utomvu wake usiingie katika jeraha wala kinywani mwake, na hapo wakakiri kuwa hiyo ndiyo kombe.

Katika kisa hiki, ambacho kwa kawaida hutajwa kama kisa cha uvumbuzi, naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba siri ilitoka kwa sababu ya huruma. Watu wale waliweza kunyamaza na kumwacha mgeni apatwe na lake; badala yake waliona heri siri ivuje kuliko mtu afe. La pili ni kwamba onyo lao halikuwa jina la mti tu. Walimwambia pia habari ya jeraha. Walimpa mti na walimpa mlango. Kirk aliuchukua mti, akaupeleka katika bustani ya Kew karibu na London, na huko Daniel Oliver akauandika katika orodha ya mimea ya dunia. Habari ya mlango haikuorodheshwa popote.

Kirk aliijua nguvu ya kombe kwa ajali vilevile. Alikuwa ameweka sumu kidogo katika mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu kinywani, na baadaye akaona kwamba mapigo ya mshipa wake yamepungua kasi. Daktari hakukosa kuifahamu maana yake: kitu hiki hufanya kazi juu ya moyo.

Kutoka hapo habari yahamia Edinburgh, kwa daktari aitwaye Thomas Richard Fraser. Huyu alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kuichunguza haragwe ya Calabar ya Afrika ya Magharibi, ambayo huko ilinyweshwa watuhumiwa kama mwavi ulivyonyweshwa kwetu, na ambayo ndani yake ilitoka dawa ya ugonjwa wa macho. Kwa hiyo hakuidharau sumu ya Kiafrika. Alipopata mbegu za kombe alizijaribu kwa wanyama, na mwaka 1870 akaeleza kuwa sumu hii huishika misuli ya moyo. Kiasi kikubwa huukaza moyo mpaka ukasimama. Kiasi kidogo huufanya upige polepole na kwa nguvu zaidi. Kiini chake alikiita strofanthini. Mwaka 1885 alitoa habari za wagonjwa wa moyo aliowatibu, na mwaka 1890 akachapisha kitabu kikubwa kilichokusanya kazi yake ya miaka ishirini.

Mara biashara ikaanza. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilitengeneza dawa ya matone kwa kuroweka mbegu za kombe katika spiriti, na katika miaka ya 1890 mbegu hizo zilihesabiwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika nchi ya Nyasa kwenda ng'ambo, pamoja na pembe na kahawa. Wakusanyaji waliingia porini, wakajaza magunia, wakalipwa kwa uzani. Yule aliyejua kuipika sumu na yule aliyejua kupanda juu ya mti tu walikuwa sawa mbele ya mizani.

Lakini dawa ya matone iliwapa madaktari taabu. Mgonjwa mmoja alipata nafuu, wa pili hakuona tofauti, wa tatu alitapika na kuharisha. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, wafanyi biashara walichanganya mbegu za aina mbalimbali za mti huo, ambazo nguvu zake si sawa. Mwindaji wa Shire aliijua mbegu yake kwa macho na kwa mkono, lakini mtu wa ghalani hakuijua. Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba tumbo hupokea strofanthini kidogo sana, tena kwa kiasi kisichotabirika. Waganga wa Ulaya walikuwa wakiwanywesha wagonjwa kitu ambacho wawindaji walikuwa wamekila miaka mingi katika nyama bila ya kudhurika.

Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1905. Mwaka huo daktari mmoja Mdachi, Albert Fraenkel, akifanya kazi katika mji wa Strasbourg uliokuwa wakati huo chini ya Udachi, aliiacha njia ya kinywa akaiingiza strofanthini kwa sindano moja kwa moja katika mshipa wa damu, kwa kipimo kisichozidi milligramu moja. Watu waliokuwa wakihema kwa shida kwa kuwa mioyo yao imeshindwa walianza kupata nafuu katika muda wa dakika. Kwa miongo mingi baadaye sindano hiyo ilikuwa dawa kuu ya moyo katika Udachi, na kampuni ya Boehringer iliiuza kwa jina la Kombetin. Hivyo neno la watu wa Shire likawa linaandikwa juu ya chupa za dawa za Ulaya, na labda hapana muuguzi aliyejua kuwa ni neno la lugha ya watu.

Toka 1870 mpaka 1905 ni miaka 35. Katika miaka hiyo yote elimu ya Ulaya ilikuwa na mti mkononi, ina kiini chake ndani ya chupa, lakini haikuwa na njia. Njia hiyo ilikuwa imo katika mshale. Chembe kinachoiweka sumu ndani ya damu na sindano inayoiweka dawa ndani ya damu ni fikira moja. Sisemi kwamba Fraenkel aliichukua fikira yake kwa wawindaji. Nasema kuwa kama maarifa ya wawindaji yangaliandikwa kama maarifa, wala si kama mambo ya ajabu ya safari, mtu angaliweza kuyasoma na kujiuliza: kwa nini watu hawa huila nyama hii nao hawafi? Swali hilo lingalimfikisha upesi zaidi. Waliokufa kwa ugonjwa wa moyo katika miaka hiyo walilipa sehemu ya gharama ya dharau.

Hapa haki yataka nami niseme upande wa pili. Wawindaji wa Shire hawakujua kuutibu moyo kwa kombe. Kukitambua ndani ya sumu kipimo kidogo kiletacho uzima, kukipima na kukithibitisha kwa wagonjwa, hiyo ilikuwa kazi ya Fraser na Fraenkel, nao wastahili sifa yake. Kirk naye hakuiba. Aliandika kwa uaminifu jinsi alivyosaidiwa, na bila ya maandishi yake tusingekuwa na cha kusema leo. Kosa limo katika desturi ya elimu iliyowahesabu watu wa Chibisa kuwa sehemu ya mandhari, kama mto na mti, hata jina la mmoja wao halikuulizwa.

Wala desturi hiyo haikuwapata Waafrika peke yao. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alitoa kitabu juu ya mmea uitwao Digitalis, ambao nao ni dawa ya moyo ya jamii moja na kombe. Alikiri kuwa habari zake za kwanza alizipata katika dawa ya siri ya mwanamke mmoja mzee wa Shropshire. Jina la mwanamke huyo hakulitaja. Bibi kizee wa Uingereza na wawindaji wa Shire wamelala katika kaburi moja la wasiotajwa. Jambo lililowaweka humo ni kutokuwa na kalamu.

Kombe ilirudi katika midomo ya wataalamu mara ya pili. Mwaka 1949 madaktari wa Marekani walitangaza kuwa kitu kiitwacho kortisoni huwaondolea wagonjwa wa baridi yabisi maumivu yao kwa namna isiyopata kuonekana. Lakini kortisoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe kwa taabu na gharama nyingi. Ikajulikana kwamba mbegu za baadhi ya jamaa za kombe zina kiini kinachoweza kuwa chanzo chake chepesi, na wakusanyaji wakatumwa Afrika kuzitafuta. Tadeus Reichstein wa Basel, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Kendall na Hench, alikuwa bingwa wa kuvichambua viini hivyo. Tumaini la utajiri halikukaa. Katika muda wa miaka michache viazi vikuu vya mwituni vya Mexico na kazi ya ukungu wa maabara vilifungua njia iliyo rahisi zaidi, na mbegu za Afrika zikasahauliwa. Twajifunza hapa kwamba anayeuza mbegu tupu ana bidhaa itakayoachwa siku yoyote. Mali idumuyo ni maarifa, kwa kuwa maarifa huweza kuitafuta mbegu nyingine.

Nayo elimu iliendelea kufaidika na sumu hizi hata pasipo kuzitia katika sindano ya mgonjwa. Mwaka 1953 Schatzmann wa Uswisi aligundua kuwa viini vya jamii ya strofanthini huizuia chembechembe ya damu kutoa chumvi ya sodiamu iliyoingia ndani yake. Jens Skou wa Denmark aliyekwisha kuandika mwaka 1957 juu ya pampu inayofanya kazi hiyo katika mwili, alitumia kiini cha jamii hiyo kuitambua, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel. Sasa twajua kwamba kombe huizuia pampu hiyo katika moyo, kalsiamu ikazidi ndani ya msuli, na msuli ukajikaza kwa nguvu. Mshale wa porini umesaidia kufumbua jambo lililomo ndani ya kila kiumbe chenye damu.

Yako wapi basi maarifa yaliyotunzwa yakazaa? Mfano mkubwa wa zama zetu watoka China. Mwaka 1969 Tu Youyou, mwanamke mtaalamu wa madawa, aliamriwa kutafuta dawa ya malaria katika dawa za kale za nchi yake. Mmea wa qinghao ulijulikana, lakini ulipochemshwa na kutolewa kiini chake matokeo hayakuwa na imani. Akarudi katika kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya nne. Humo alisoma kuwa mmea huo urowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hapakutajwa moto. Tu Youyou akatambua kuwa huenda moto ndio unaoiua dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na dawa ikapatikana. Artemisinini imeokoa watu wengi sana katika Afrika, na mwaka 2015 mwenyewe alipata tuzo ya Nobel. Aliyempa ufunguo alikuwa mganga aliyekufa miaka elfu na mia sita nyuma, ambaye jina lake twalijua na ambaye aliandika, pamoja na jina la mmea, namna ya kuutengeneza.

Tofauti baina ya Ge Hong na watu wa Chibisa si akili. Wote walijua jambo la tatu na la pili pamoja na la kwanza. Tofauti ni kitabu.

Narudi Ngana. Tanzania imekwisha kuweka misingi yake. Mwaka 1974 kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 umezipa nchi haki juu ya mimea yao, na umetambua kuwa maarifa ya wenyeji yastahili heshima na mgawo wa faida. Haya ni mema. Lakini sheria hulinda kitu kinachoweza kuonyeshwa. Maarifa yaliyomo kichwani mwa mzee wa miaka themanini hayana wakili siku mzee huyo anapozikwa.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayekwenda Ngana, Ipinda au Matema kutafuta dawa, asirudi na mfuko wa mizizi na orodha ya majina ya Kilatini akadhani amemaliza. Na aulize: huchimbwa msimu gani, kabla ya mvua au baada yake? Huchukuliwa upande gani wa mti? Hukaushwa juani au kivulini? Huchemshwa, hurowekwa au hutafunwa? Hunywewa, hupakwa, hufukizwa au hutiwa katika chanjo? Kwa nani ni mwiko, na kwa nini? Swali la chanjo hasa asilipuuze, kwa maana mganga achanjaye ngozi na kutia dawa amefanya uamuzi ule ule wa mshale na sindano, na huenda ana sababu. Kisha aandike jina la aliyemfundisha, kwa idhini yake, kama aandikavyo jina la profesa.

Pana watakaosema kuwa waganga hawatasema, na wengine watasema kuwa dawa nyingi za asili hazifai kitu au zina madhara. Wote wana sehemu ya ukweli. Watu wa Shire walimpa Kirk miti ya uongo, na walikuwa na haki, kwa sababu hapana aliyewaahidi lolote. Siri hulegea palipo na heshima na mapatano. Tena si kila kilichorithiwa ni chema. Mwavi ulikatiza maisha ya watu wasiokuwa na hatia, na hapana mapenzi ya mila yanayoweza kuutakasa. Lakini tiba ya mashaka hayo ni kupima, na kisichoandikwa hakipimiki. Dawa isiyofaa ikiandikwa vizuri itakataliwa vizuri. Dawa ifaayo isipoandikwa itapotea pamoja na isiyofaa.

Siku hizi madaktari wengi wameiacha strofanthini, kwa kuwa dawa nyingine za moyo zimeenea mahali pake, na mbegu za kombe zinapeperuka porini kama zamani. Mtu asijaribu kuzitumia, kwa maana kipimo cha dawa na kipimo cha kifo ndani yake vimekaribiana mno. Faida iliyobaki kwetu ni ule mfano wa kijiji cha Chibisa. Mgeni alikuwa juu ya mti, na watu waliokuwa chini wakampigia kelele kumwokoa. Katika kelele ile mlikuwamo elimu nzima ya dawa moja: jina lake, hatari yake na njia yake. Aliyekuwa juu aliandika jina. Yaliyobaki yalingojea miaka arobaini na zaidi, na majina ya waliopiga kelele hayatapatikana kamwe. Kule mwisho wa kaskazini wa ziwa hilo hilo, ukingoni mwa Songwe, wako wazee ambao majina yao bado yaweza kuulizwa leo.